Kabla ya Kuku Kulikuwa na Kahawa

Anayetaka kujua kwa nini sheria zetu za maji hazijui la kufanya na mbolea ya kuku, asianze na kuku. Aanze na kahawa. Katika miteremko ya Embu na Meru, kahawa ndiyo iliyoifundisha serikali kuuangalia mto, na ikaifundisha kuuangalia mahali pamoja tu: pale bomba linapotokea.

Mimi nimelelewa kwenye mmoja wa miteremko hiyo, upande wa Manyatta. Haya sikuyasoma chuoni; chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama. Nimeyaokota kwa kusoma sheria moja baada ya nyingine, halafu kuwauliza wazee maswali ambayo wengine waliyaona ni ya mtu asiye na kazi.

Tuanze na mwenye maji. Sheria ya Maji ya mwaka 1929, iliyoanza kutumika 1935, iliyaweka maji ya koloni chini ya mamlaka ya Mfalme wa Uingereza. Mama aliyeshuka mtoni na mtungi wake hakusumbuliwa, lakini aliyetaka kuyaelekeza maji kwenye mfereji au kwenye mashine alihitaji kibali. Mwaka 1951 ikaja sheria nyingine, ambayo baada ya uhuru tuliijua kama Sura ya 372. Chombo chake cha kutoa vibali kiliitwa Bodi ya Ugawaji Maji. Jina lenyewe linakuambia wasiwasi ulikuwa wapi. Kuchafua mto kulikatazwa, ndiyo, lakini kazi ya kila siku ilikuwa kuamua nani achukue kiasi gani. Kile alichorudisha mtoni kilikuwa habari ya baadaye.

Miaka hiyohiyo, kahawa ikaingia kwetu. Walowezi walikuwa wamepinga kwa muda mrefu Mwafrika kulima kahawa. Walisema ataleta magonjwa ya mimea na ataharibu ubora. Wasichosema kwa sauti ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuchuma ya mwingine. Katikati ya miaka ya 1930 serikali ikakubali majaribio katika Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba ya wazungu. Majaribio yenyewe yalifungwa kwa kanuni: idadi ya miti ilikuwa na kikomo, na idara ya kilimo ilikaa shingoni mwa mkulima. Kisha mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, ukaja Mpango wa Swynnerton. Ardhi ikapimwa, hati zikatolewa, na miti ya kahawa ikapanda matuta mpaka karibu na majani chai. Kila sosaiti ikajenga kiwanda chake, na kila kiwanda kikajengwa bondeni, kando ya mto.

Hakukuwa na mahali pengine pa kukijenga. Kahawa yetu humenywa kwa maji. Mkulima analeta tunda jekundu, mashine inalitoa ganda, mbegu zinalazwa kwenye matangi ili ule utelezi uchache, halafu zinaoshwa kwenye mifereji kabla ya kuanikwa. Kila hatua inataka maji. Kinachobaki ni maji yenye sukari na maganda yanayoanza kuchacha siku hiyohiyo. Yakiingia mtoni, vijidudu vinavyoyala vinatumia oksijeni yote iliyokuwamo. Samaki na wadudu wa majini wanakufa kwa kukosa pumzi, na mto unatoa harufu chungu ambayo aliyekulia karibu na kiwanda haisahau.

Shosho yangu alikuwa na saa yake ya kuchota maji msimu wa kahawa. Alfajiri, kabla kiwanda cha juu hakijafungulia maji ya kuoshea. Ukichelewa, unarudi na mtungi wa maji ya rangi ya chai. Nilipomuuliza kama kuna aliyewahi kwenda kushtaki, alinicheka. “Ningemshtaki nani? Kiwanda ni chetu.” Alikuwa na namba ya uanachama na alipeleka kahawa yake pale kila wiki. Mchafuzi na mnywaji walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akingoja malipo.

Serikali nayo ilingoja malipo yake, maana kahawa ililetea nchi fedha za kigeni. Kwa miaka mingi ilikuwa kosa mkulima kung'oa mkahawa bila idhini. Mti ulikuwa na mlinzi aliyejulikana kwa jina. Mto ulikuwa na kifungu kwenye kitabu.

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, ambayo iliunda NEMA. Mwaka 2002 ikapita Sheria mpya ya Maji, na chini yake vikaanzishwa vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo huku kwetu vilijipanga mto kwa mto: Kapingazi, Ena, Kathita. Halafu yakaja Masharti ya Ubora wa Maji ya mwaka 2006, yaliyoanza kutumika Julai 2007. Haya yalileta namba. Maji machafu yanayotolewa kwenye mazingira yasidai zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita katika siku 5 za kuoza. Maji ya kumenyea kahawa yasiyotibiwa hudai maelfu. Vitu vinavyoelea visizidi miligramu 30 kwa lita. Anayetoa maji hayo awe na leseni, na sampuli zipimwe.

Namba hizo zilimpa afisa kitu cha kushika, kwa sababu kiwanda kina jina, kina meneja, na kina mahali ambapo unaweza kusimama na chupa ya sampuli. Kulikuwa pia na macho mengine mawili. Jicho la kwanza lilikuwa sosaiti yenyewe: wanachama wakikubaliana kwenye mkutano mkuu kuchimba mashimo ya kunywesha maji machafu ardhini, au kufunga pampu ya kuyazungusha maji yaleyale ya kumenyea, gharama inakatwa kwenye malipo ya wote. Jicho la pili lilikuwa la mnunuzi. Kahawa hii inanywewa Ulaya na Marekani, na miaka ya 2000 wanunuzi wa huko walianza kudai vyeti vinavyouliza, pamoja na mengine, maji ya kiwanda yanakwenda wapi. Sisemi mito ilipona. Nasema angalau kulikuwa na mtu wa kuuliza.

Sasa ndipo kuku anaingia. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. Wenye mikahawa wakaanza kutafuta njia nyingine: ng'ombe wa maziwa, makadamia, muguka kule Mbeere, miraa kule Igembe. Na kuku. Kuku hahitaji ekari. Anahitaji mabati, mbao, vumbi la mbao sakafuni na agroveti iliyo karibu. Kijana asiyerithi shamba anaweza kuanza na vifaranga 100 wa mayai nyuma ya nyumba ya wazazi wake, na wengi wa rika langu wameanza hivyo.

Hesabu ya kinyesi ni rahisi. Kuku wa mayai mmoja hutoa karibu gramu 100 kwa siku, kwa hiyo kuku 300 ni kilo 30 kila siku. Ni mbolea kali kuliko ya ng'ombe kwa wingi wa naitrojeni, ndiyo maana watu huigombania. Lakini haitumiwi siku inapotoka. Inarundikwa uani, mara nyingi bila kufunikwa, kuanzia Agosti, ikingoja kupanda kwa Oktoba. Na Oktoba ndiyo mvua ya vuli inaanza. Mvua ya kwanza inakuta rundo liko wazi, na mteremko unafanya kazi iliyobaki. Naitrojeni ile inageuka naitreti, isiyo na rangi wala harufu, na pamoja nayo vinasafiri vijidudu vya kinyesi. Masharti yaleyale ya 2006 yalisema maji ya matumizi ya nyumbani yasizidi miligramu 10 za naitreti kwa lita, na yasiwe na kijidudu cha kinyesi hata kimoja. Shosho angeyaona maji ya kahawa na kurudi nyumbani. Haya asingeyaona.

Marekani walikutana na swali hili mapema. Sheria yao ya maji ya mwaka 1972 ilitaja mabanda makubwa ya mifugo kuwa chanzo cha uchafuzi kinachohesabiwa sawa na bomba. Ilipofika kuku, ikabidi waseme “kubwa” ni ngapi. Kwa mabanda yasiyotumia mfumo wa samadi ya maji, ni kuku 125,000 wa nyama, au 82,000 wa mayai. Hata hapo haikutosha. Mwaka 2013, mahakama ya shirikisho kule West Virginia iliamua kwamba samadi na vumbi lililotoka kwenye mabanda ya kuku na kusombwa na mvua uani lilikuwa maji ya mvua ya kilimo, ambayo sheria imeyasamehe. Yaani hata nchi iliyompa kuku jina la bomba ilishindwa na mvua.

Sasa weka kipimo hicho kwetu. Chukua mfano wa mabonde mawili matatu yenye nyumba 300, kila moja na kuku 300. Hao ni kuku 90,000, na tani 9 za kinyesi kila siku. Angekuwa mfugaji mmoja, angekuwa mkubwa hata kwa kipimo cha Marekani. Kwa kuwa ni nyumba 300, hakuna mkubwa hata mmoja. Hakuna bomba la kupewa leseni. Hakuna meneja wa kuandikiwa barua. Hakuna sosaiti ya kukata gharama, na mayai yanauzwa sokoni Embu, Meru na Nairobi kwa watu ambao hawajawahi kuuliza cheti. Haba na haba hujaza kibaba, na mto hauulizi haba imetoka kwa nani.

Watu husema sheria haipo. Ipo. Masharti ya 2006 yalimkataza mtu yeyote kufanya jambo linalochafua maji moja kwa moja au kwa kuzunguka, na yaliongeza kwamba haijalishi kama maji hayo yalikuwa yamekwisha kuchafuka kabla ya sheria. Yalikataza pia kulima au kujenga kando ya mto, kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wake. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi. Katazo linamhusu kila mtu, ila chupa ya sampuli inajua njia moja tu, ya kwenda kiwandani.

Wanaolipia ni wa chini. Ena na Thuci zinatuacha sisi wa juu na kushuka Mbeere, na Kathita inapita mjini Meru ikaenda Tharaka, nchi kavu ambako mto mara nyingi ndio kisima. Mtu wa kule hali yai letu wala hapati pesa yake. Hata ule ubishi wa shosho, kwamba kiwanda ni chetu, yeye hawezi kuutoa.

Kama kuna somo ninalolitoa kwenye karatasi zote hizi, ni kwamba kilichosaidia kidogo wakati wa kahawa hakikuwa kipimo peke yake, bali kipimo kilichokutana na watu waliokuwa wamejipanga. Wafugaji wa kuku wa bonde moja wanaweza kuhesabiwa kama kitu kimoja, chini ya chama cha watumiaji wa mto kilichopo tayari, na wa Mbeere na Tharaka wakawa na viti kwenye mkutano. Mambo ya kukubaliana si ya ajabu: rundo lifunikwe kwa turubai, likae mbali na mfereji, kuwe na mpaka wa nyasi chini yake. Turubai ni bei ya trei chache za mayai. Na kabla ya mvua ya Oktoba, mtu ashuke bondeni na chupa, asimame pasipo na bomba lolote, achote.