Orodha za Butare: Historia ya Mlango wa Chuo Kikuu

Kijana wa Bweyeye, katika wilaya ya Rusizi, akitaka kwenda Huye hana budi kuukata msitu wa Nyungwe. Hutoka kwao, karibu na mpaka wa Burundi, akapanda hadi Pindura, ndipo akaishika barabara kuu iendayo mashariki. Huye ndiyo Butare ya zamani. Hapo ndipo kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda mwezi wa Novemba 1963, mkuu wake wa kwanza akiwa Padre Georges-Henri Lévesque, Mdominiko kutoka Kanada. Safari hiyo ni ndefu. Lakini kwa miaka mingi kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa mezani pa karani, nacho ni orodha.

Kazi ya kuandikisha wanafunzi huonekana nyepesi. Karani huandika jina, alama na masomo. Rwanda, hata hivyo, iliongeza mambo mawili: kabila la mwombaji na mkoa wa asili yake. Kabila liliandikwa katika vitambulisho tangu miaka ya 1930, chini ya utawala wa Wabelgiji, na uhuru wa 1962 haukulifuta. Basi karatasi iliyopaswa kuuliza mtu anajua nini, ikauliza yeye ni nani.

Mwezi wa Februari 1973 orodha zilibandikwa kutani chuoni Butare. Zilikuwa na majina ya wanafunzi Watutsi walioamriwa waondoke. Yafaa tulizingatie jambo hili: wanafunzi wenyewe walishiriki kuziandaa na kuwafukuza wenzao, watu waliokula nao meza moja na kuazimana vitabu. Moto ule ulienea katika shule za sekondari, kisha katika maofisi na makampuni. Wengi walikimbilia Burundi, Zaire na Uganda.

Tarehe 5 Julai mwaka huohuo Jenerali Juvénal Habyarimana alitwaa madaraka. Fujo zilitulizwa, lakini ubaguzi ukapewa utaratibu. Nafasi za sekondari na za chuo kikuu zikagawanywa kwa mafungu, kwa kabila na kwa mkoa. Watutsi walitengewa takriban sehemu moja ya kumi. Nao Wahutu hawakuwa sawa: waliotoka kaskazini, hasa Gisenyi na Ruhengeri, walipendelewa, ilhali wa kusini walinung'unika. Mpango huo uliitwa wa kusawazisha, na jina hilo jema lilificha mengi. Mtoto aliyeshinda mtihani aliweza kukosa nafasi, asielezwe sababu.

Sisi walimu tusidhani kwamba lawama ni ya makarani peke yao. Madarasani kulikuwa na walimu waliowaamuru watoto wasimame kwa makabila yao ili wahesabiwe. Mtoto mdogo aliyekuwa hajui kabila lake alilijua siku ile, mbele ya wenzake. Orodha ya chuo kikuu ilianzia hapo.

Mwaka 1994 mavuno ya mbegu hiyo yakavunwa. Butare ilitulia kwa siku kadhaa baada ya mauaji kuanza kwingine, hata mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, alipoondolewa kazini. Tarehe 19 Aprili rais wa serikali ya muda, Théodore Sindikubwabo, alihutubia mjini humo, na baada yake mauaji ya kimbari yakashika kasi. Walimu na wanafunzi wa chuo waliuawa, na baadhi ya wauaji walikuwa wenzao. Leo kuna ukumbusho wao chuoni hapo.

Chuo kilifunguliwa tena mwaka 1995. Kabila liliondolewa katika vitambulisho, na uandikishaji ukarejeshwa katika matokeo ya mitihani ya taifa. Mwaka 2013 chuo hicho kiliunganishwa na taasisi nyingine za umma kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda.

Mwalimu hushika kalamu kila asubuhi kuita majina. Kazi hiyo ni ndogo, wala hakuna aionaye kuwa historia. Lakini historia ya Butare yatufundisha kuuliza, kabla ya kuchora safu mpya katika daftari: swali hili lamsaidia mtoto kusoma, au lamtenga? Na karani wa chuo naye, awe mtu mzima au mwanafunzi apataye posho, ajue kwamba kila jina aandikalo limevuka msitu kufika mezani pake.