Kuagiza na Kungojea: Kiswahili cha Asinkronasi

Anayeanza kusoma mifumo endeshi ya kompyuta hapa Babati hukutana mapema na neno asinkronasi. Asili yake ni Kigiriki: *a-* ni "si", *syn* ni "pamoja", *khronos* ni "wakati". Akilifasiri kipande kwa kipande atapata "isiyo ya wakati mmoja", na bado atakuwa gizani. Akiifuata simu yake ataandika "isiyosawazishwa", kwa kuwa menyu za simu huita "kusawazisha" ile kazi ya kulinganisha nakala mbili za data. Hapo atapotea zaidi, maana jambo lenyewe halihusu nakala. "Sambamba" nalo lina kazi yake: ni mambo mawili kutendeka kwa pamoja.

Tulitazame jambo kwanza. Programu ikitaka kusoma faili, huuomba mfumo endeshi uifanyie. Diski ya sahani huweza kuchukua milisekunde 10 kuifikia data hiyo. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde, kwa hiyo katika milisekunde hizo 10 hupita mapigo milioni 30. Programu ikisimama mlangoni mpaka data ifike, yenyewe haifanyi lingine lolote muda wote huo. Njia ya pili ni kukabidhi ombi, kuendelea na shughuli nyingine, na kuja kuchukua jibu baadaye. Hiyo ndiyo asinkronasi.

Mama aliyetoka Dareda kuja mjini anaifahamu njia hii vizuri. Debe lake la mahindi analiacha mashineni likobolewe na kusagwa. Kitambaa anakiacha kwa fundi cherehani. Stendi ana kifurushi kinachokuja na basi la Arusha, na namba yake ya simu imeandikwa juu yake. Kisha anaingia sokoni. Hakusimama kuitazama mashine ikisaga: ameagiza.

Neno ninalolipendekeza ni hilo. Asinkronasi iwe "operesheni ya kuagiza", na kinyume chake iwe "operesheni ya kusubiri". Najua "agizo" pia ni amri ya mkubwa, kama agizo la mkuu wa mkoa. Lakini kwenye kompyuta kazi hiyo imeshachukuliwa na "amri", kwa hiyo "agizo" liko huru. Tena linabeba kitu ambacho Kigiriki hakikibebi: mtu aliyeagiza ana jambo lake njiani, na lazima atarudi kulifuata.

Maana ipo saa ambayo sokoni kumekwisha na mama hana la kufanya mpaka kimojawapo kiwe tayari. Anaweza kuzunguka kuuliza: mashineni, kwa fundi, stendi, kisha mashineni tena. Huko ni kuchungulia, na programu inayochungulia bila kupumzika huchosha prosesa bure. Afadhali aketi kivulini mpaka aitwe. Katika mifumo ya jamii ya Unix kuna kazi iitwayo aio_suspend: programu huipa orodha ya maagizo yake, nayo huilaza mpaka angalau moja likamilike. Kama moja lilikwisha tangu mwanzo, hairuhusu hata usingizi. Hurudi papo hapo.

Hapa sarufi yetu inatupa msaada mkubwa. "Kungojea agizo lolote" na "kungojea maagizo yote" ni vitu viwili, na mtoto wa darasa la pili hawezi kuvichanganya. Windows ina kazi iitwayo WaitForMultipleObjects, ambayo mwandishi wa programu huiambia ingoje lipi: lolote au yote. Kwa Kiswahili uamuzi huo umo katika neno moja.

Kungojea kuna mambo matatu ambayo mama wa Dareda hahitaji kufundishwa. Kwanza, ukomo wa muda: gari la mwisho likikaribia kuondoka, ataondoka hata kama nguo haijaisha. Programu nayo huweka ukomo ili isilale milele. Pili, kuamshwa kabla ya wakati: simu ya nyumbani inaweza kumwinua kivulini wakati hakuna agizo lililokamilika, kwa hiyo kuamka peke yake si ushahidi kwamba kazi imekwisha. aio_suspend nayo haisemi ni agizo lipi. Lazima upite orodha, na kila lililokamilika ulikague, kwa kuwa kukamilika si kufanikiwa. Tatu, gunia ulilomwachia mwenye mashine usiliguse mpaka amalize. Sehemu ya kumbukumbu uliyoitoa ipokee data haichezewi agizo likiwa njiani. Kosa hilo huharibu data kimyakimya na kulitafuta huchukua siku nyingi.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, na tukapata Kiswahili cha juu ya kioo: faili, hariri, hifadhi. Bado tunahitaji Kiswahili cha chini ya kioo, kule mashine inakofikiri. Jaribio langu la istilahi ni sentensi nzima: "Programu imeagiza usomaji wa faili tatu, sasa inangojea agizo lolote kwa ukomo wa sekunde 5." Mpelekee aliyewahi kuacha debe mashineni sentensi hiyo. Mweleze faili ni nini, mengine atakueleza yeye.