Stevie Bell
Stevie Bell ni mhusika mkuu wa riwaya za upelelezi za Maureen Johnson, mwandishi wa Marekani, kuanzia *Truly Devious* (2018). Ni msichana wa Pittsburgh, mpelelezi wa ridhaa anayesumbuliwa na hofu za ghafla. Anaingia Ellingham Academy, shule ya bweni isiyotoza ada katika milima ya Vermont, kwa shabaha moja: kufumbua kisa cha 1936, pale mke na binti wa tajiri Albert Ellingham, mwasisi wa shule, walipotekwa nyara na mwanafunzi Dottie Epstein akauawa. Kisha mwanafunzi mwenza wa Stevie anakufa. Msomaji asiye na subira ataudhika, maana fumbo la kale halikamiliki hadi kitabu cha tatu, *The Hand on the Wall* (2020).