Unadhani Mabingwa wa Sataranji Wamezaliwa na Kumbukumbu ya Ajabu? Soma Hii

Kila kijiwe kina mtu wake anayeitwa "kichwa". Anakufunga sataranji huku anachati kwenye simu, na watu wanasema huyo kazaliwa hivyo. Sasa wadau, kuna watu waliamua kuupima huo msemo, na majibu yake si yale tuliyozoea.

Wa kwanza ni Mholanzi, Adriaan de Groot, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa mkali wa sataranji. Utafiti wake ulitoka mwaka 1946. Wengi waliamini bingwa anapiga hesabu za hatua nyingi mbele kuliko wengine wote. De Groot akakuta tofauti hapo ni ndogo. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye jicho: muonyeshe bingwa ubao kwa sekunde chache, ufunike, na ataupanga upya karibu wote.

Mwaka 1973, William Chase na Herbert Simon, huko Pittsburgh, Marekani, wakaweka mtego. Walikuwa na wachezaji watatu: bingwa, mchezaji mzuri wa kawaida, na anayeanza. Kila mmoja alipewa sekunde 5. Kwenye ubao wa mechi ya kweli, bingwa alikumbuka kete kama 16, wa kati 8, anayeanza 4. Halafu kete zikapangwa ovyo ovyo. Bingwa akaanguka, akawa sawa na anayeanza!

Kwa nini? Jaribu kukariri NZAATIAN kwa kutupia jicho mara moja. Ngumu, eeh? Sasa soma TANZANIA. Herufi ni zilezile nane, ila hii ya pili unaishika kama kitu kimoja. Bingwa naye haoni kete mojamoja, anaona mafungu anayoyafahamu.

Hapo ndipo kompyuta ikaingia. Mwaka huohuo, Simon na Kevin Gilmartin walitengeneza programu iliyoitwa MAPP. Haikuundwa ili imfunge mtu. Kazi yake ilikuwa kutazama ubao, kutambua mafungu inayoyajua, na kuyashika kwenye kumbukumbu yenye nafasi chache, kama yetu. Kwa hiyo nayo ilisahau! Haikumfikia bingwa, maana mafungu iliyoyajua yalikuwa machache. Wakakadiria kwamba bingwa anahitaji kati ya mafungu 10,000 na 100,000 kichwani.

Baadaye ikaja CHREST, kazi ya Fernand Gobet, Mswisi ambaye naye ni bingwa wa kimataifa wa sataranji. Mwaka 1996, yeye na Simon walionyesha kuwa hata kwenye ubao wa ovyo, bingwa ana nafuu kidogo. Ukijua mafungu mengi, mawili matatu yatajitokeza kwa bahati tu.

Linganisha na Deep Blue, iliyomfunga Garry Kasparov mwaka 1997. Ile ilikuwa inapima mikao ya ubao kama milioni 200 kwa sekunde. Ilishinda, sawa, lakini haikutuambia mengi kuhusu kichwa cha Kasparov. Zile programu zinazosahau ndizo zilizotuambia.

Hii haina maana kwamba kila mtu atakuwa bingwa. Ila ukimwona mtu anatazama ubao mara moja na kujua pa kwenda, jua yale mafungu hakuzaliwa nayo. Aliyakusanya mechi baada ya mechi, na nyingi kati ya hizo alifungwa.

Sasa niambie, ni kitu gani ulikiacha kwa sababu uliambiwa huna kichwa?