Altaneta Ilipofika Kilosa

Wiki hii nataka kuzungumzia kitaa kidogo chekundu kilichoko mbele ya dereva. Wengi wetu tunakijua. Ukifungua swichi kinawaka, injini ikinguruma kinazimika, basi tunakisahau. Mimi sikukisahau tangu mwaka 1989, nilipolala njiani kwa sababu yake katika kijiji cha Ulaya.

Usicheke. Ulaya ipo, wilayani Kilosa, katika barabara iendayo Mikumi. Rafiki yangu mmoja alikuwa amenunua kigari cha starehe cha Kiingereza, aina ya MGB, cha viti viwili, kilichoachwa na meneja wa zamani wa mashamba ya mkonge upande wa Kimamba. Kilitengenezwa mwaka 1969. Tulikuwa tukikipeleka Dar es Salaam, na kwa kiburi cha ujana tukaamua kupita Mikumi badala ya njia tuliyoizoea. Barabara ilikuwa ya vumbi na makorongo, tukaenda mwendo wa baiskeli. Jua likazama. Taa za mbele zikaanza kuwa njano, kisha nyekundu kama makaa, honi ikawa kama mbuzi mgonjwa, injini ikakohoa mara tatu na kunyamaza. Gari la Ulaya likafia Ulaya.

Ili ueleweke vizuri mkasa huo, sharti nirudi nyuma kidogo.

Magari yaliyoletwa Tanganyika na Waingereza, yakiwamo Land Rover ambazo kwa miaka mingi ndizo zilikuwa gari la Bwana Shauri, bwana shamba na mganga, yalipata umeme wake kutoka kwenye dainamo. Dainamo ni mashine ya kizamani yenye adabu zake. Inatoa umeme wa mkondo mmoja kwa njia ya kaboni mbili zinazosugua shaba inayozunguka, na kando yake liko kasha dogo ambalo mafundi wetu walilibatiza jina la katauti, linaloamua lini umeme uende kwenye betri na lini uzuiwe usirudi. Udhaifu wake ni kwamba injini ikiwa polepole haizalishi kitu. Ile ya kampuni ya Lucas ya Birmingham iliyofungwa kwenye magari mengi ya miaka ya 1960 ilitoa ampea 22 tu, tena pale injini inapokwenda mbio. Dereva wa barabara mbovu, aliyewasha taa usiku kucha akiwa gea ya pili, alikuwa akiila betri yake mwenyewe.

Na barabara mbovu tulikuwa nazo. Mwezi Novemba mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao, Zambia ikakosa njia ya mafuta. Mafuta hayo yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Mikumi, Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa udongo mtupu. Masika tope, kiangazi vumbi. Wageni waliiita njia ya jehanamu, na waliokufa humo hawakuwa wachache. Bomba la mafuta lilipofunguliwa mwaka 1968 mzigo ulipungua, na lami ikafuata miaka ya mwanzo ya 1970. Lakini katika miaka ile mitatu minne kila fundi wa umeme wa magari kati ya Morogoro na Iringa alijifunza dainamo kama mwanachuoni anavyojifunza msahafu.

Mmoja wao alikuwa baba yangu mdogo. Alikuwa fundi wa karakana katika shamba moja la mkonge lisilo mbali na mji wa Kilosa. Hakusoma chuo, alifundishwa na Singasinga mmoja aliyekuwa mkuu wa karakana. Miongoni mwa aliyofundishwa ni jaribio hili: kama una wasiwasi na chaji, washa injini, kisha chomoa kichwa cha betri. Injini ikiendelea, dainamo ni nzima. Ikizimika, dainamo ni mbovu. Jaribio rahisi, halihitaji mita wala taa, na kwa dainamo halikumdhuru mtu.

Sasa huko kwa wenzetu mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1960 Wamarekani wa kampuni ya Chrysler walianza kufunga altaneta kwenye magari madogo ya kuuzwa kwa wingi, na Waingereza wakafuata taratibu. MGB iliacha dainamo mwaka 1967. Land Rover ilipotoka kwa sura mpya mwaka 1971, nayo ikaja na altaneta. Altaneta ya aina hiyo ilitoa kama ampea 34, na hata injini ikinguruma polepole ilikuwa na chochote cha kutoa. Lakini umeme wake huzaliwa ukiwa wa kwenda na kurudi, ukanyooshwa na vidude vidogo viitwavyo dayodi. Dayodi hazina subira. Ukichomoa betri injini ikiwa inakwenda, umeme uliokuwa ukiingia betrini hukosa pa kwenda, volti hupanda ghafla, na dayodi zinaungua kabla hujaweka spana chini. Ukigeuza vichwa vya betri, ni vivyo hivyo. Na hilo la kugeuza lilikuwa jepesi kutokea, maana magari mengi ya Kiingereza ya zamani yalifungwa kichwa cha chanya kwenye bodi, na mapya yakafungwa hasi.

Unajua kilichofuata. Mwaka 1974 shamba lilipata Land Rover mpya. Dereva akalalamika kwamba taa zinafifia. Baba mdogo akawasha injini na kuchomoa kichwa cha betri.

Aliniambia kwamba alinusa harufu tu. Altaneta ilikuwa ya pauni nyingi, na fedha za kigeni zilikuwa zimeanza kuwa haba. Meneja hakuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwonyesha fundi wake kifaa hicho. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na gari kilikuwa cha Kiingereza, na kilifungiwa katika kabati la ofisi. Baada ya miaka kumi na minane ya kazi akaachishwa kwa barua ya mistari minne, na neno lililoandikwa mle lilikuwa ni uzembe.

Mimi nimesoma habari nyingi za maendeleo ya ufundi katika nchi hii. Karibu zote zinahesabu mashine zilizoletwa. Chache mno zinauliza nani aliambiwa nini mashine ilipofika.

Turudi Ulaya. Nilimwacha rafiki yangu na gari, nikadandia lori la mkaa hadi Kilosa, na alfajiri nikamgongea baba mdogo. Wakati huo alikuwa na kibanda chake karibu na stesheni, akitengeneza mota za mashine za kusaga. Hakusema mengi. Alichukua mita, betri ya kuazima, waya mbili nene na kipande cha msasa, tukapanda gari la abiria.

Alipoliona gari alizunguka mara mbili akitafuta betri. Zilikuwa mbili, za volti sita kila moja, zimefichwa chini ya sakafu nyuma ya viti, mahali ambapo mtu mwenye mgongo mbovu hawezi kufika bila kuomba dua. "Mwanangu," akasema, "aliyeziweka humu hakuwa na mpango wa kuzitazama tena." Akapima mkanda wa feni kwa kidole gumba, ulikuwa umekaza. Akasugua kwa msasa pale waya wa betri unapofungwa kwenye bodi. Kisha akamwuliza rafiki yangu: jana kitaa chekundu kiliwaka?

"Hata mara moja hakikuwaka, mzee," akajibu yule bwana kwa fahari. "Chaji ilikuwa safi njia nzima."

Baba mdogo akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akafungua swichi bila kuwasha injini. Kitaa hakikuwaka. Akaeleza kwamba katika altaneta ya namna ile kitaa si shahidi tu, ni mshiriki. Umeme mdogo unaopita ndani ya globu yake ndio unaokwenda kuiamsha altaneta. Globu ikiungua, altaneta inazunguka usingizini, hasa kwa mwendo mdogo kama wetu. Tukaunganisha betri ya kuazima, injini ikawaka, mita ikaonyesha volti kumi na mbili tu na haikupanda. Akaizima, akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, akachomoa globu inayoangaza saa ya mwendo, akaipachika mahali pa ile iliyoungua. Zilikuwa za aina moja. Safari hii kitaa kikawaka, injini ikanguruma, kikazimika, na mita ikapanda hadi 14.2.

Rafiki yangu, kwa kutaka kuhakikisha, akanyoosha mkono achomoe waya wa betri ya kuazima. Sijapata kumwona mzee yule akienda kwa kasi kama ile. Alimshika mkono, akamrudisha nyuma, akazima injini yeye mwenyewe, ndipo akafungua waya.

Alikataa turudi kumfikisha Kilosa. Akataka afike nasi Mikumi, amekaa kwa kujikunja nyuma ya viti juu ya zile betri, ili aipime tena chaji taa zikiwa zimewashwa kabla hatujaingia hifadhini. Ile njia ya lami hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa zipatazo 50, na alisema mle ndani hatapatikana wa kutusukuma isipokuwa tembo. Mita ikasoma 13.9. Akaridhika, akala chai na maandazi, akapanda lori la kurudi. Hakutaka malipo zaidi ya nauli.

Kitu kimoja alikiomba. Nimwandikie barua kwa lile shamba, kwa Kiswahili safi, kueleza jinsi dayodi zinavyoungua, ili lile neno uzembe lifutwe katika jalada lake. Niliandika. Nilichora hata picha ya waya. Tuliipeleka kwa mkono, karani akaigonga mhuri wa kupokelewa, na nakala yenye mhuri huo ninayo mpaka leo. Jibu halikuja.