Kubadili Kipimo cha Hesabu Katikati ya Mwaka: Maduka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na Shilingi ya 1936

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna maduka ya rejareja ya Mji Mkongwe na mashamba ya Unguja yalivyolazimika kuhamisha hesabu zao kutoka rupia kwenda shilingi ya Afrika Mashariki tarehe 1 Januari 1936, huku mwaka wa hesabu wa wafanyabiashara wengi ukiwa umekwisha kuanza. Insha inadai kwamba kiwango cha ubadilishaji kilikuwa cha haki kwa fedha nyingi, lakini kiliacha baki katika fedha ndogo, na kwamba swali kuu la kihistoria ni nani aliyebeba baki hiyo na nani aliyeweza kuiona. Mwishoni swali hilo linahusishwa na viwango vya leo vya taarifa za fedha za vipindi vya kati.

1.0 Utangulizi

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 34, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 1999, kinaitaka kampuni inayotoa taarifa za fedha kabla ya mwaka kwisha itumie sera zile zile za uhasibu itakazozitumia katika taarifa za mwaka mzima. Ikibadili sera katikati ya mwaka, inapaswa kueleza mabadiliko hayo na athari yake. Aidha, isipokuwa pale ambapo kiwango kipya kimeweka utaratibu wake wa mpito, inapaswa kuandika upya takwimu za vipindi vilivyotangulia ndani ya mwaka huo na za vipindi vinavyolingana navyo katika mwaka uliopita. Lengo ni kumwezesha msomaji kulinganisha kipindi cha kabla na cha baada kwa kipimo kimoja.

Kanuni hii husomwa vyuoni kama zao la masoko ya mitaji ya karne ya ishirini. Hata hivyo, tatizo linaloshughulikiwa nayo lina historia ndefu katika miji ya biashara ya pwani. Zanzibar ilibadili kipimo cha hesabu zaidi ya mara moja, na badiliko la 1936 ndilo lililoangukia katikati ya mwaka wa hesabu kwa namna iliyo wazi zaidi. Insha hii inalichukua badiliko hilo kama kisa cha uchunguzi. Hoja zake zinajengwa juu ya kalenda, sarafu na hesabu ya ubadilishaji yenyewe. Mifano ya bei iliyomo ni ya kukokotoa, haikutolewa katika daftari la duka lolote.

2.0 Usuli: Kutoka Riyali hadi Rupia

Katika karne ya kumi na tisa, biashara kubwa ya Unguja ilihesabiwa kwa riyali ya fedha ya Maria Theresa. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu, ameonyesha jinsi mtaji wa wafanyabiashara wa Kihindi ulivyofungamana na dola ya Busaidi na mashamba ya karafuu. Naye Fahad Bishara, katika utafiti wake wa 2017, ameonyesha jinsi deni lililoandikwa lilivyounganisha watu wa Oman, India na Afrika Mashariki. Kwa hiyo katika bandari hii maandishi ya hesabu yalikuwa na uzito wa mali.

Sultani Barghash alipotoa sarafu zake mwaka 1882, riyali moja ilihesabiwa kuwa pesa 136. Rupia ya India ilikuwa na pesa 64, hivyo riyali ya hesabu ilikuwa sawa na rupia 2 na ana 2. Uwiano huo uliziwezesha fedha mbili kukaa katika daftari moja. Mwaka 1893, hata hivyo, serikali ya India ilifunga viwanda vyake vya sarafu kwa watu binafsi waliokuwa wakileta fedha ghafi. Rupia ikaachana na bei ya madini ya fedha, ilhali riyali iliendelea kushuka pamoja nayo. Tangu hapo mtu aliyeandika deni kwa riyali alihitaji kufahamu kama alikusudia riyali ya hesabu au riyali ya sarafu.

Hatimaye rupia ikashinda. Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia mwaka 1908, na mwaka huo huo ikatoa sarafu za senti, rupia moja ikiwa senti 100. Katika madaftari ya Kigujarati, hata hivyo, mgawanyo wa rupia kwa ana 16 na pesa 64 ulikuwa na mizizi mirefu zaidi ya senti.

3.0 Duka na Kalenda Zake

Ili kuelewa uzito wa badiliko la 1936, ni lazima kwanza kuelewa mnyororo wa duka. Mwenye ghala wa Malindi au Forodhani aliagiza mchele, sukari, mafuta ya taa na nguo. Mwenye duka la shamba, kuanzia Mkokotoni hadi Makunduchi, alichukua bidhaa hizo kwa mkopo. Mkulima naye alichukua kwake kibaba cha mchele au doti ya kanga kwa ahadi ya kulipa karafuu zitakapochumwa. Hivyo deni lilishuka kutoka bandarini hadi kijijini, na malipo yalipanda kutoka kijijini hadi bandarini. Katika kila ngazi palikuwa na daftari.

Madaftari hayo hayakufuata mwaka mmoja. Ofisi za serikali na makampuni ya Kizungu zilifuata kalenda ya Januari hadi Desemba. Wafanyabiashara wengi wa Kigujarati walifunga hesabu wakati wa Diwali na kufungua chopda mpya kwa mwaka mpya wa Samvat. Mikataba ya Waislamu iliandikwa kwa tarehe za Hijria. Mkulima wa kusini ya Unguja alikuwa bado na mwaka wa jua wa Nairuzi, unaoadhimishwa Makunduchi mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Kwa yote hayo, msimu wa karafuu ndio uliokuwa saa halisi ya malipo.

Tarehe 1 Januari 1936 ilikuwa mwanzo wa mwaka katika kalenda moja tu kati ya hizo. Diwali ilikuwa imepita mwishoni mwa Oktoba 1935, na chopda za mwaka 1992 wa Samvat zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwa rupia kwa takriban miezi miwili. Zaidi ya hayo, Idi ya mwaka 1354 Hijria iliangukia siku za mwisho za Desemba 1935. Nguo na vyakula vya sikukuu vilivyochukuliwa kwa mkopo viliandikwa kwa rupia, na siku chache baadaye vikadaiwa kwa shilingi. Hakuna mwenye duka wa aina hii aliyeweza kufunga daftari la rupia kwa utulivu na kufungua la shilingi likiwa safi.

4.0 Hesabu ya Ubadilishaji

Zanzibar ilipojiunga na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na senti hamsini. Kiwango hiki kilitokana na thamani iliyokuwapo: tangu 1927 rupia ya India ilikuwa imewekwa kuwa shilingi moja na peni sita za Kiingereza, na shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa sawa na ya Uingereza.

Ulinganisho na bara unaonyesha faida yake. Mwaka 1920 Waingereza waliiweka rupia ya Afrika Mashariki kuwa shilingi mbili, ingawa kabla ya vita ilikuwa shilingi moja na peni nne. Aliyekopa rupia kwa thamani ya zamani alijikuta, kwa kipimo cha pauni, akidaiwa nusu zaidi. Shilingi ilipochukua nafasi ya rupia huko mwaka 1921 na 1922, mzigo huo ulikuwa umekwisha kuingia katika madeni. Wadaiwa wa Zanzibar mwaka 1936 hawakufanyiwa hivyo. Deni la rupia 340 likawa shilingi 510. Deni la rupia 341 likawa shilingi 511 na senti 50. Sarafu ya senti hamsini ilikuwapo, kwa hiyo deni lolote la rupia kamili lilihamishwa bila baki.

Hali ilikuwa tofauti chini ya rupia. Ana moja ilikuwa sawa na senti 9.375, na pesa moja sawa na senti 2.34. Hata senti ya zamani ya rupia ilikuwa senti moja na nusu, na sarafu ya nusu senti haikuwapo. Kwa hiyo bei ya ana moja ikipandishwa hadi senti 10, mnunuzi anaongezewa takriban asilimia 6.7. Bei ya pesa moja ikipandishwa hadi senti 3, nyongeza ni asilimia 28. Ikishushwa hadi senti 2, mwenye duka anapoteza karibu asilimia 15. Mwenye duka aliyetaka kuepuka yote mawili angeweza kuacha bei na kugusa kipimo, yaani ujazo wa kibaba au mafuta katika chupa, jambo ambalo haliachi alama yoyote daftarini.

Hapa ndipo hoja kuu ya insha hii ilipo. Kiwango kimoja, kilicho sawa kabisa kisheria, hakikuwagusa watu wote kwa usawa. Aliyehesabu kwa rupia, yaani mwenye ghala, benki na mwenye nyumba, alipata badiliko la maandishi tu. Aliyenunua chumvi, viberiti na mafuta ya taa kwa pesa moja moja alikutana na baki kila siku. Maskini ndiye anayenunua kidogo kidogo, na kwa hiyo ndiye aliyeikuta baki mara nyingi zaidi.

5.0 Nani Aliweza Kusoma Daftari?

Badiliko hili lilikuja katika wakati wa kutoaminiana. Bei ya karafuu ilikuwa imeshuka tangu mdororo wa uchumi wa dunia. Ripoti ya Bartlett na Last kuhusu madeni ya wakulima ilifuatiwa na amri za 1934 zilizozuia uhamishaji wa ardhi kutoka kwa Waarabu na Waafrika, zikadhibiti wakopeshaji na kukipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu. Serikali ya India ilimtuma K. P. S. Menon kuzichunguza amri hizo mwaka huo huo. Mgogoro uliishia katika mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi dhidi ya biashara ya karafuu mwaka 1937, uliomalizwa kwa makubaliano ya Mei 1938.

Katika mazingira hayo, daftari la duka lilikuwa hati ya mabishano. Mkulima aliyejua kusoma, aghalabu alisoma kwa herufi za Kiarabu. Daftari liliandikwa kwa Kigujarati. Kumbukumbu yake ilikuwa ya rupia, na salio alilosomewa baada ya Januari 1936 lilikuwa la shilingi. Tarakimu iliongezeka kwa nusu ingawa deni halikuongezeka. Pasipo kuonyeshwa salio la zamani, kiwango cha kuzidishia na salio jipya kwa pamoja, hakuwa na njia ya kutofautisha ubadilishaji halali na nyongeza ya hila. Mwenye duka mwaminifu naye hakuwa na njia ya kuuthibitisha uaminifu wake. Ukosefu wa ulinganisho uliwadhuru wote wawili.

Inaweza kupingwa kwamba watu wa Unguja walizoea fedha nyingi na hivyo hawakuhitaji kuelezwa. Pingamizi hili lina uzito, kwani mazoea ya riyali, rupia, ana na pesa yaliwafanya watu wa kawaida kuwa wepisi wa kukokotoa. Lakini wepesi huo ulitumika pale ambapo bei ilisemwa mbele ya wote sokoni. Deni lililojumlishwa kwa msimu mzima, ndani ya kitabu cha mtu mmoja, halikuweza kukokotolewa upya na mtu asiyeona vifungu vyake.

6.0 Viwango vya Leo

Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha tarehe 1 Julai 2004, chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Kwa duka la kisasa, badiliko kubwa la karibuni ni kiwango namba 16 kuhusu ukodishaji, kilichoanza kutumika kwa vipindi vya mwaka vinavyoanzia tarehe 1 Januari 2019. Kampuni inayopanga jengo la biashara kwa mkataba wa miaka kadhaa sasa huonyesha katika mizania haki ya kutumia jengo hilo pamoja na deni la kodi ya baadaye. Taarifa ya kwanza ya robo mwaka baada ya tarehe hiyo huonekana kuwa na madeni makubwa kuliko ya mwaka uliopita, ingawa pengine hakuna senti iliyokopwa. Kwa kuwa kiwango hicho kinaruhusu njia ya mpito isiyoandika upya takwimu za mwaka uliotangulia, maelezo ya badiliko ndiyo pekee yanayomwokoa msomaji.

Mfanano na mwaka 1936 una mipaka. Shilingi ilibadili kipimo cha thamani, ilhali kiwango namba 16 kimebadili kinachohesabiwa kuwa deni. Msomaji wa leo ni mwekezaji au benki, si mkulima wa Makunduchi. Hata hivyo, katika visa vyote viwili tarakimu hupanda kwa sababu ya kalamu, na anayeishika kalamu hiyo ndiye peke yake anayejua kwa yakini.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba uhamisho wa 1936 ulikuwa na kiwango cha haki na utekelezaji usio na macho ya nje. Madeni makubwa yalihama bila hasara. Baki ya fedha ndogo iliachwa iamuliwe kaunta. Na mdaiwa hakuwa na haki ya kuonyeshwa hesabu za vipindi viwili kwa kipimo kimoja. Watafiti wa historia ya uchumi wa Zanzibar wanaoyasoma madaftari ya kipindi hicho wanapaswa kwanza kubaini ukurasa ambapo rupia inaishia na shilingi inaanza, kisha wachunguze kama mwandishi aliandika salio la zamani kando ya jipya. Ukurasa huo unaweza kueleza uhusiano wa mdai na mdaiwa kwa uwazi kuliko jumla ya mwisho wa mwaka.