Mji na Mwitu katika Tungo za Kiswahili

Katika mazungumzo haya twataka kutazama namna watungaji wa Kiswahili walivyoieleza miji, na namna walivyoueleza mwitu ulioizunguka.

Huenda mtu akauliza, "Jambo hili lamfaa nini mkulima, au mtoto wa shule?" Jibu letu ni hili. Neno "mshamba" limegeuzwa kuwa tusi. Kijana atokaye kijijini akifika mjini huchekwa kwa neno hilo. Naye akirudi kwao likizoni, huwacheka wazazi wake kwa neno lile lile. Sisi walimu tumelisikia mara nyingi hata darasani. Hapo zamani watu wa miji ya pwani walikuwa na neno kali zaidi, nalo ni "mshenzi", yaani mtu wa bara asiye na mji wala dini yao. Wengi hudhani kwamba dharau hiyo ni urithi tulioachiwa na washairi. Basi na tuwaulize washairi wenyewe.

Kwanza tujue miji hiyo ilikuwaje. Toka Barawa mpaka Kilwa, watu wa pwani walijenga nyumba kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mlikuwamo misikiti, visima, na masoko. Mtu wa mji aliitwa muungwana, naye alijiona yu mbali na pori kwa kila hali. Lakini nafaka yake ilitoka mashambani, pembe za ndovu zilitoka kwa wawindaji wa bara, na boriti za dari yake zilikatwa katika mikoko. Tena katika karne ya 19 mashamba mengi ya pwani yalilimwa na watumwa. Kwa hiyo mji ulimdharau yule yule aliyeulisha.

Sasa tumtazame Fumo Liyongo, shujaa wa nchi ya mto Tana na visiwa vya Lamu. Habari zake zilisimuliwa vizazi na vizazi. Edward Steere alizichapisha mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliziandika katika utenzi mashuhuri. Liyongo alikuwa mtu wa nguvu, hodari wa upinde, na fundi wa mashairi. Mfalme wa Pate akamwogopa, asije akamnyang'anya ufalme. Ndipo Liyongo akaenda kukaa mwituni pamoja na wawindaji.

Mfalme akawahonga watu wa mwitu wamwue. Nao wakafanya shauri: wakale makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu, na zamu ya Liyongo itakapofika wamfume mishale akiwa juu. Lakini Liyongo hakupanda. Alitwaa upinde wake akayaangusha makoma kwa mishale, wakashindwa.

Na tuangalie vema hapa. Hila ilitendwa mwituni, lakini fedha ya hila ilitoka mjini.

Baadaye Liyongo alitiwa gerezani mjini. Aliyemwokoa hakuwa tajiri wala mwenye cheo. Alikuwa Saada, mjakazi wa mama yake. Alileta mikate, na tupa imefichwa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wakaila mikate mizuri, wakamwachia mfungwa ule wa wishwa. Usiku watu walipokuwa wakicheza gungu na kupiga ngoma, Liyongo akakata minyororo, akarudi porini. Kifo chake nacho hakikuletwa na mnyama wala na mshale wa mwindaji. Mwanawe mwenyewe aliahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Akaichunguza siri ya baba yake, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba hali amelala. Liyongo akafa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mji uliotaka afe ukapata kiu kwa ajili ya maiti yake.

Mtungaji wa pili ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyetunga Al-Inkishafi yapata miaka 200 iliyopita, wakati Pate ilipokuwa imeanza kuporomoka. Yeye hasimulii vita. Anausemesha moyo wake mwenyewe, akiuonya usidanganyike na dunia; na kwa kuuonya anauonyesha majumba ya matajiri waliokufa. Zamani taa za kioo na za shaba ziliwaka humo, na wenye nyumba walitembea kwa maringo. Sasa katika zile zidaka zilizopangwa vyombo vya Kichina wamo makinda ya popo na ya ndege. Bundi analia chumbani, nyenje wanaimba ukumbini, na magugu yameota uani.

Atakaye kuona jambo hili kwa macho yake aende Gedi, karibu na Malindi. Mji huo uliachwa na watu wake katika karne ya 17, na tangu mwaka 1948 James Kirkman aliufukua. Mpaka leo miti mikubwa inasimama kati ya kuta za nyumba, na mizizi yake imeyakumbatia mawe.

Katika Al-Inkishafi pori halikuja kuushambulia mji. Lilingoja tu. Watu walipokwisha kuondoka, popo wakaingia, kama mgeni aingiavyo nyumba isiyo na mlango. Basi mshairi hakuufanya mwitu kuwa adui. Aliufanya shahidi. Kilichomwogofya ni kiburi cha wenye majumba, waliodhani kwamba mawe na chokaa vitawalinda milele.

Hatusemi kwamba washairi wote waliuona mji kama kaburi. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, aliitungia Mombasa mashairi yaliyojaa uhai: vita, njaa, mapenzi, na maneno ya watu wa sokoni. Aliupenda mji wake, lakini hakuzificha aibu zake.

Waandishi wa riwaya waliofuata wakaipindua njia: badala ya mtu kukimbizwa mwituni, akaenda shambani kwa hiari. Katika Utubora Mkulima, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1968, Utubora anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima katika kijiji cha Busutamu. Huko anapata heshima na utulivu. Mohamed Suleiman Mohamed wa Unguja aliliona jambo hilo kwa macho makali zaidi. Katika Nyota ya Rehema, ya mwaka 1976, Rehema, baada ya taabu za mjini, anapata amani kwa Sulubu, mkulima maskini. Lakini ardhi waliyoitolea jasho inadaiwa na wengine. Kwa hiyo shamba nalo si pepo. Dhuluma ya mji yaweza kulifikia.

Basi tumewauliza watungaji wetu, nao wamejibu. Hakuna hata mmoja wa hawa aliyetufundisha kwamba mtu wa mjini ni bora kwa kuwa yu mjini. Liyongo alisalitiwa na jamaa zake, akaokolewa na mjakazi. Majumba ya Pate yaliangamia na fahari yake yote. Uungwana wa kweli, kwa maneno ya tungo hizi, haumo katika kuta. Umo katika uaminifu wa watu.

Ninyi wanafunzi, mtakapoandika insha juu ya mji na kijiji, msiandike kwamba huku ni nuru na kule ni giza. Andikeni mliyoyaona. Na siku mtakayosikia mtu akiitwa "mshamba" kwa dharau, muulizeni mwenye kusema hivyo: chakula alichokula asubuhi kililimwa wapi, na nani aliyekilima?